Uzoefu wangu na oveni ya umeme ya mezani: kuoka na kufuma nyumbani msimu wa kipupwe

Oveni ninayoieleza hapa ni ile ya umeme ya kuweka juu ya meza, yenye ujazo wa lita 45 na nguvu ya wati 1,800, ambayo niliinunua Kariakoo kwa shilingi 185,000 kabla ya kipupwe cha mwaka jana. Sitaji jina la kampuni, kwa sababu oveni za aina hii huuzwa kwa majina mengi huku umbo, koili na swichi zake zikifanana, na msomaji anaweza kuikuta dukani ikiwa na nembo nyingine kabisa. Ninaiandika habari yake kwa kirefu kwa kuwa imebadilisha namna familia yangu inavyoutumia msimu wa baridi, na kwa kuwa maelezo mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yalihusu majiko ya nchi ambazo umeme wake haupungui nguvu saa mbili usiku na ambazo hali ya hewa yake haifanani hata kidogo na ya kwetu Tabata, Dar es Salaam.

Nianze na msimu, maana oveni hii haiwezi kutathminiwa bila kuutaja. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huoka na kufuma zaidi kuanzia Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika na nyumba zao kuanza kupoa. Sisi huku miezi hiyo joto ndilo linaanza kupanda kuelekea Desemba. Wakati wetu ni Juni, Julai na Agosti, kusi inapovuma, na usiku wa Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 18 au 19, kiasi cha mtu kutafuta shuka zito na feni kupumzika. Ndicho kipindi pekee cha mwaka ambacho chuma cha nyuzi 180 kilichowashwa ndani ya nyumba huwa faraja. Februari nimejaribu kuoka mchana, na ingawa keki ilitoka vizuri, hakuna aliyetaka kukaa karibu na jiko.

Oveni yenyewe ina koili mbili juu na mbili chini, swichi ya kuchagua moto wa juu, wa chini au wote, swichi ya joto inayofika nyuzi 250, na kipima muda kinachozima umeme na kupiga kengele dakika zikiisha. Ikiwa mpya hutoa moshi na harufu kali, kwa sababu koili hupakwa mafuta ya kuzilinda kiwandani. Iwashwe tupu kwa dakika ishirini, madirisha yakiwa wazi, kabla ya kuwekwa chakula chochote. Jambo muhimu zaidi ni kwamba namba zilizoandikwa kwenye swichi ya joto si za kuaminiwa moja kwa moja. Nilinunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye wavu, na kikanionyesha kuwa swichi ikiwa kwenye 180 ndani huwa karibu 200, na kwamba kona ya nyuma ya kushoto huiva mapema kuliko pande nyingine. Tangu hapo naweka swichi kwenye 160 kwa keki, nageuza trei nusu ya muda ikishapita, na rangi hutoka sawa pande zote. Kwa maoni yangu, anayenunua oveni hii bila kipimajoto amenunua nusu ya kifaa.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni skonzi. Wakati wa kaskazi donge la unga huumuka lenyewe juu ya meza kabla hujamaliza kuosha vyombo, lakini kipupwe kikiingia hamira hulegea, na donge lile lile hukaa karibu mara mbili ya muda wake likiwa halijafika popote. Hapa oveni inasaidia hata kabla ya kuwashwa. Naweka bakuli la maji ya moto chini, trei ya skonzi juu yake, nafunga mlango na kuiacha imezimwa. Mvuke huleta joto la kama nyuzi thelathini na kitu, ambalo hamira hulipenda, na ngozi ya juu haikauki. Zikiumuka nazitoa, nawasha oveni hadi ipate moto kamili, nazipaka yai na kuzirudisha kwa dakika ishirini kwenye nyuzi 190. Watoto wakiwa likizo ya Juni, kazi ya kukata na kuviringisha madonge ni yao, nami nabaki na kazi ya mlango, kwa sababu kioo cha oveni hii ni cha tabaka moja na huwa cha moto wa kuunguza. Hilo ni kosa la utengenezaji ambalo silisamehei: kifaa cha nyumbani kilistahili kioo cha tabaka mbili, na mwenye mtoto anayetambaa aiweke juu pasipofikika.

Kuhusu umeme, ambao ndio swali la kwanza la kila anayeiona, nilisoma mita ya LUKU kabla na baada ya kuoka keki moja ya kawaida, pamoja na dakika kumi za kupasha. Ilitumia takriban uniti moja, kwa sababu thamostati huzima na kuwasha koili, hazibaki zimewaka muda wote. Kwa sisi tulio kwenye bei ya T1, yaani ya matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356, gharama ambayo naiona ndogo kwa keki ya watu wanane. Mwenye mita ya D1, yaani ya matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo hadi uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu vizuri, kwani kuoka mara nne kwa wiki peke yake hula zaidi ya uniti kumi na sita kwa mwezi na kunaweza kumvusha mpaka huo.

Tatizo letu halisi limekuwa nguvu ya umeme, wala si bei yake. Oveni imetengenezwa kwa volti 230, na joto la koili hufuata mraba wa volti. Zikishuka hadi 200, kama inavyotokea mitaa mingi jioni kila mtu anapopika na kupiga pasi, wati 1,800 hubaki karibu 1,360, yaani robo ya moto imepotea. Keki iliyopaswa kuiva kwa dakika 45 hufika saa nzima na katikati ikazama. Kwa hiyo nyumbani kwetu tunaoka kati ya saa nane na saa kumi na moja mchana, au Jumapili asubuhi. Jambo jingine la usalama: kwa volti 230 oveni hii huvuta karibu ampea 8, kwa hiyo ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni za bei nafuu zenye waya mwembamba hupata moto, na nimeona plagi ya jirani ikiyeyuka kwa sababu ya birika tu.

Sasa nifike kwenye kufuma, ambako kulikuja kwa sababu ya oveni. Mama mkwe wangu hutoka Njombe kila mwaka wakati huu, akikimbia baridi ya huko inayofikia kuleta sakitu mashambani, na huja na mfuko wa sindano na nyuzi za sweta za wajukuu. Zamani alikuwa akifuma chumbani peke yake. Siku hizi hukaa kwenye kiti karibu na meza ya oveni, kwa kuwa ndipo penye uvuguvugu, na binti zangu nao hukaa hapo na sindano zao, maana keki inapoiva hakuna pa kwenda. Dakika arobaini na tano ni muda mzuri sana wa kujifunza mshono: hautoshi kumchosha mtoto, na unatosha kumaliza safu kadhaa na kukaguliwa na bibi. Shamrashamra za televisheni zimepungua nyumbani bila mtu yeyote kuzipiga marufuku, na hili nalihesabu miongoni mwa faida za kifaa, hata kama hakuna muuzaji anayeliandika kwenye boksi.

Glavu zilizokuja na oveni zilikuwa nyembamba na hazifai, hivyo mama mkwe akaamua kutufumia nyingine. Alipomwona binti yangu anachagua uzi wa rangi nzuri kwenye mfuko, akamwambia, "Mjukuu wangu, huo si wa jikoni," akakata kipande na kukiwasha kwa kiberiti juu ya sahani. Kikayeyuka kwa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Hiyo ni akriliki, ambayo ndiyo nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa Kariakoo. Ni laini, nyepesi, inafulika kwa urahisi na inafaa sana kwa sweta ya mtoto, lakini hulainika na kupoteza umbo kwa joto lililo chini ya lile la kuoka keki, na ikigusa koili huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Akawasha uzi wa pamba: ukaungua kwa mwali wa kawaida, ukanuka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufu nayo hunuka kama nywele zilizoungua na huzimika yenyewe moto ukiondolewa. Kipimo hiki kifanywe na mtu mzima, juu ya sahani ya udongo na maji yakiwa karibu, nami nakipendekeza kwa kila anayefuma vitu vya jikoni, kwa sababu lebo za nyuzi mara nyingi hazisomeki au hazipo.

Glavu alizofuma ni za pamba, tabaka mbili, mishono ikiwa imebanwa ili joto lisipenye katikati yake. Zimekuwa bora kuliko zote nilizowahi kununua. Masharti yake ni kwamba ziwe kavu kabisa, kwa maana pamba iliyolowa hupitisha joto mara moja hadi kwenye kiganja, na katika unyevu wa Dar es Salaam huchukua muda mrefu kukauka, kwa hiyo ni vyema kuwa na jozi mbili.

Katika kipupwe tunachooka zaidi ni keki ya boga, kwa sababu maboga ya baada ya masika huwa mengi na ya bei nzuri sokoni. Boga hupikwa kwa mvuke, hupondwa na kuachwa kwenye chujio hadi maji yaishe, kwani boga lenye maji huifanya keki iwe kama ugali katikati. Kikombe kimoja na nusu cha boga hilo huchanganywa na mayai matatu, kikombe cha sukari na nusu kikombe cha tui zito, kisha vikombe vitatu vya unga, vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda, iliki na mdalasini. Huiva kwa dakika 45 hadi 50 katika nyuzi 175 za kipimajoto, si za swichi, moto wa juu na wa chini. Iliki ikiwa imetwangwa siku hiyo hiyo, majirani hujua.

Mahali ambapo oveni imeshindwa kunishawishi kabisa ni mkate wa kumimina. Mkate huu wa mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui na kuumuliwa kwa hamira, unataka sufuria iwe ya moto kabla rojo halijamiminwa, na unataka moto mkali juu ya kifuniko huku chini ukiwa wa wastani. Koili za chini hupasha sufuria polepole mno, na mkate ukiingia oveni moja kwa moja hulala badala ya kutoboka matundu. Njia iliyonifaa ni kuuanzia kwenye jiko la gesi hadi matundu yatokeze juu, kisha kuuhamishia oveni kwa moto wa juu pekee, nyuzi 200, hadi upate rangi. Unaiva vizuri na unalika. Lakini jirani yetu aliyezaliwa Kilwa aliuonja, akausifu kwa adabu, na jioni akaniletea wake wa makaa juu na makaa chini. Harufu ile ya ukingo uliokauka kidogo, oveni yangu haijaweza kuitoa. Siku ya wageni nawasha mkaa.

Baada ya matumizi ya zaidi ya mwaka, swichi ya kipima muda imelegea, na trei iliyokuja nayo imeanza kupata kutu kwenye pembe, jambo la kutarajiwa hapa pwani kwa bati jembamba. Naikausha ndani ya oveni yenye joto kila baada ya kuiosha, na kutu haijaenea zaidi. Koili zote nne bado zinafanya kazi.

Kwa anayefikiria kununua, nashauri aende dukani na sufuria au trei yake mwenyewe. Lita 45 husikika nyingi, lakini sehemu ya ujazo huo huliwa na koili na wavu, na sinia pana la nyumbani linaweza kukataa kuingia kwa kidole kimoja tu. Amwombe muuzaji achomeke oveni na kuiwasha kwa dakika kumi, moto wa juu na wa chini, aangalie kama koili zote zinageuka nyekundu, afunge mlango na kupitisha kiganja pembezoni, kwa umbali, kusikia kama joto linavuja upande mmoja. Muuzaji wangu alikubali bila kinyongo, na oveni ya kwanza aliyoichomeka ilikuwa na koili moja ya juu isiyowaka, akaitoa na kunipa nyingine.