Compartment No. 6: filamu iliyonirudisha kwenye behewa la kulala

Nimeitazama mara mbili ndani ya wiki moja. Ni filamu ya mwaka 2021 ya mwongozaji wa Kifini, Juho Kuosmanen, na kule Cannes, kwenye tamasha la filamu la Ufaransa, iligawana Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, na filamu nyingine. Wanaongea Kirusi karibu muda wote, kwa hiyo jiandae kusoma maandishi ya chini.

Laura, mwanafunzi kutoka Ufini, anapanda treni Moscow kwenda Murmansk, mji wa kaskazini kabisa mwa Urusi, kuona michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba. Mpenzi wake, waliyepanga kwenda pamoja, hakuja. Chumbani anamkuta Ljoha, kijana anayekwenda kufanya kazi mgodini: kalewa, mdomo mchafu. Laura anatoka kumbembeleza mhudumu wa behewa ambadilishie chumba. Wapi!

Niliwahi kupanda TAZARA kutoka Dar hadi Mbeya, chumba cha wanawake watupu, na saa ile ya kwanza naijua. Kila mtu kakumbatia begi lake, macho dirishani. Halafu mmoja anafungua mfuko wa karanga, anakunyooshea bila kusema neno. Kuosmanen kaijua hali hiyo hadi ndani. Kamera inakaa karibu mno na nyuso, hata nikahisi ule ubana wa chumba na joto la pumzi za watu.

Kuna mahali Ljoha anaomba afundishwe kusema “nakupenda” kwa Kifini. Laura, kwa hasira, anamfundisha tusi, naye analirudia kwa furaha. Lishike hilo tusi. Baadaye anaingia Mfini mwenzake, mstaarabu, na gitaa lake. Laura anamkaribisha kwa moyo mweupe. Sitasema alichofanya, ila nilimwonea Laura uchungu kama ndugu yangu.

Yura Borisov anayeigiza Ljoha ndiye aliyenishika zaidi: anaficha haya zake nyuma ya ukali, na akinyamaza unamsikia. Seidi Haarla, anayeigiza Laura, naye hajikwezi hata kidogo. Sehemu ya baada ya kushuka Murmansk imenivuta kidogo kuliko ya ndani ya treni, lakini ile theluji na upepo, lo!

Ukipenda filamu zinazokwenda kasi, hii itakuchosha. Kwangu ni nyota tano.

Laura anamchora Ljoha akiwa amelala. Mimi yule mama wa karanga alishuka Makambako alfajiri, akanifunika khanga yake, akaniachia. Ninayo hadi leo, na jina lake sikumwuliza.