Darubini yangu ya tatu, na mbili zilizoitangulia

Ya kwanza niliinunua kwa tamaa. Ilikuwa katika duka moja mjini Mombasa, shilingi 1,800, imeandikwa 60x60 kwa herufi za dhahabu, lenzi zake nyekundu zinang'aa kama macho ya paka. Muuzaji akaniapia kwamba nikisimama Likoni nitasoma gazeti la mtu aliyeko ng'ambo. Nikalipa kwa M-Pesa bila hata kutoka nayo nje ya mlango nijaribu.

Nilipofika nayo Mida Creek, hori yenye mikoko pale karibu na Watamu, kutazama ndege, ndipo nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ndege mmoja, sululu, aliyesimama kwenye matope nilimwona wawili, mmoja kampanda mwenzake begani. Kila nikijitahidi kuwaunganisha, macho yanauma, na haikupita robo saa kichwa kikaanza kugonga. Fundi saa wa mtaani kwetu aliifungua akaniambia vioo vya ndani vimekaa upande, kila jicho linaelekezwa njia yake. Hiyo 60 nayo ilikuwa uongo mtupu: nilipokuja kuilinganisha na darubini ya kweli, ilikuwa inavuta kama mara nane tu. Hata wekundu wa lenzi si urembo usio na madhara. Rangi ile inaurudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo unachokiona ndani kina ukijani-ukijani. Sasa wewe unataka kumjua ndege kwa rangi ya kifua chake, utamjuaje?

Kwenye namba ndipo wengi tunapoliwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ya kwanza ni kuvuta mara ngapi. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiambiwa 8x25, inavuta mara nane na lenzi ina milimita 25. Gawanya 25 kwa 8, unapata 3 na ushei. Hizo ndizo milimita za kiduara cha mwanga kinachotoka nyuma na kuingia jichoni mwako, na unaweza kukiona: shika darubini mbali na uso, ielekeze penye mwanga (si kwenye jua, tafadhali), utaona vitone viwili vyeupe kwenye lenzi za nyuma. Viwe mviringo kamili. Vikiwa na pembe au kivuli ubavuni, rudisha, nenda duka jingine.

Adhuhuri mboni ya jicho imejifinya mpaka milimita mbili tatu, kwa hiyo kiduara cha milimita 3 kinatosha na hutaona tofauti kubwa kati ya darubini ndogo na ile ya wakubwa. Tofauti huja alfajiri na magharibi. Mboni inafunguka, ya kijana hufika hata milimita 7, sisi tuliovuka hamsini pengine 5, na hapo 8x42 yenye kiduara cha milimita 5 na robo inaishinda hiyo ndogo bila kutoa jasho.

Basi kwa nini sikununua 8x42? Kwa sababu ya darubini ya pili, ambayo haikuwa yangu. Rafiki aliniazima 10x42, nzuri kwelikweli, picha safi mpaka pembeni. Lakini ilikuwa na uzito wa karibu robo tatu ya kilo, na shingo yangu ni ya fundi cherehani, imeshainama vya kutosha. Halafu pale Mida kuna lile daraja la kuning'inia linalopita kati ya mikoko. Mtu akikanyaga nyuma yako, wewe unacheza mbele. Darubini haivuti ndege tu, inavuta na mtetemo wa mkono wako, na kwa mara kumi juu ya daraja lile nilikuwa naona ndege anacheza chakacha. Wiki ya tatu ikawa inalala kabatini. Nikairudisha kwa mwenyewe, nikamshukuru.

Mpwa wangu anafanya kazi Muscat, kule Oman. Alipokuwa anakuja likizo akanipigia, "Mjomba, nikuletee nini? Udi?" Nikamwambia udi ampelekee mama yake, mimi aniletee Olympus 8x25 WP II. Iligharimu kama dola 100. Najua si hela ndogo, mimi mwenyewe nilishona sare za shule mwezi mzima ndio nikamrudishia. Ina gramu 260, inakunjwa, inaingia mfuko wa kanzu. Ina bawaba mbili, kwa hiyo kila ukiikunjua lazima uitafutie tena upana wa macho yako. Ndivyo zilivyo karibu darubini zote za kukunja, na mwanzoni ndege kadhaa walinipita bado nahangaika kuipanua.

Ninavaa miwani, na hili muulize muuzaji kabla ya bei. Zile pete za mpira za kuwekea jicho ziwe za kusokota, zishuke chini kabisa kwa mwenye miwani, na bado uione duara nzima bila weusi pembeni. Zangu zinashuka, naona vizuri. Kuna mtalii alinipa nijaribu Nikon Aculon yake ya 8x21, haifiki gramu 200 na huuzwa rahisi zaidi. Kwa mchana mweupe na mtu asiye na miwani, inatosha. Ila hiyo haikutengenezwa kuzuia maji, na sisi tunaishi pwani.

Hilo la maji usilidharau. Simaanishi mvua peke yake, namaanisha unyevu wetu huu unaootesha kuvu ndani ya lenzi, ukishaingia hautoki. Yangu imezibwa na kujazwa gesi kavu ya naitrojeni. Hata hivyo naiweka kwenye kopo lenye vile vijipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na mchanga puliza kwanza. Niliwahi kuipangusa kwa pindo la kikoi nikiwa ufukweni, nikasikia chembe inakwaruza, moyo ukanipasuka. Mkwaruzo mdogo upo hadi leo.

Uwanja wake wa kuona ni mwembamba, digrii 6.2. Kwa ndege wa kwenye matope hiyo si shida, ndege amesimama, unamtafuta taratibu. Msituni ndipo jasho linakutoka. Nilikwenda Arabuko-Sokoke saa kumi na mbili asubuhi, tukaingia kwenye miti ya mirihi kumtafuta kwera wa Clarke, ndege ambaye nje ya kaunti yetu ya Kilifi hapatikani popote duniani. Kundi likapita juu ya miti, mwongozaji anasema "kulia, kulia, juu ya tawi kavu", mimi naona majani meusi. Kiza kilikuwa hakijaisha, kiduara changu ni kidogo, na ndege hawasubiri mtu. Siwezi kusema niliwaona.

Saa nne tulienda kwenye kichaka kizito, kwenye udongo mwekundu. Mwongozaji akainama, akanyoosha kidole. Bundi wa Sokoke, hazidi urefu wa kiganja na vidole vyako, rangi ya jani kavu, yuko hatua nne tu kutoka nilipo. Baadhi ya darubini kubwa hugoma kwa umbali huo. Hii inaanza kuona kutoka mita moja na nusu. Nilihesabu madoa ya kifuani. Alifungua jicho moja, la manjano, akanitazama kama mteja anayedai nguo yake, akalifumba.

Ninapoitumia zaidi ni Mida, kati ya Oktoba na Aprili, muda wa saa mbili kabla maji hayajajaa, bahari inapowasukuma ndege karibu. Wanakuja wale wala kaa, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao huzaliana pwani za Oman na Ghuba kwa kuchimba mashimo mchangani. Kulekule ilikotoka darubini.

Nyumbani nayo haikai. Mke wangu, aliyeniuliza mwanzoni kama nimeajiriwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, sasa huichukua alfajiri kutazama mashua zinazorudi, ajue ipi imelala chini kwa uzito wa samaki kabla hajashuka kujadili bei. Sina neno. Nimemwomba tu asiiguse pete ya kurekebisha jicho la kulia: unafumba jicho hilo, unasafisha picha ya kushoto kwa gurudumu la katikati, kisha unaisokota pete hiyo mpaka la kulia nalo lione sawa. Nimeitia alama kwa rangi ya kucha. Yake.