TAHADHARI: "Hedi ya kompresheni 12" Ngamiani, nimepigwa changa la macho mchana kweupe

Jamani, naandika mikono ikinuka oili na roho ikiniuma. Ile safari ya Amani, pikipiki iliponishinda mlimani, mnaijua, sirudii. Baada ya pale nikawa natafuta dawa ya pikipiki kushindwa mlima, ndipo nikaelekezwa kwa huyu bwana hapa Ngamiani.

Hakuniambia nunua. Angeniambia nunua ningeondoka. Alichana boksi la spea, akaandika kwa kalamu: kipenyo cha silinda milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5. Akapata cc 124. Nikatoa simu nikapiga mwenyewe, ikatoka 124 na pointi. Akafungua plagi, akapandisha pistoni hadi juu kabisa na valvu zimefungwa, akavuta oili kwa bomba la sindano akaimimina polepole kwenye tundu la plagi mpaka ikajaa. Ikala cc 15.5.

"Haya kaka, jumlisha 124 na 15.5, halafu gawa kwa 15.5."

Tisa kamili. Hiyo ndiyo kompresheni, yaani hewa na petroli vinabanwa mara tisa; vikibanwa zaidi, nguvu zinaongezeka. Na kweli injini hizi za 125 zikitoka kiwandani zinacheza hapohapo kwenye tisa. Wengi wangegawa 124 kwa 15.5 wapate nane watembee nayo, wakisahau kwamba pistoni ikiwa chini kile chumba cha juu nacho kimo kwenye hesabu. Yeye hakukosea! Sasa mtu wa namna hiyo utamwita tapeli? Mimi fizikia kidato cha nne nilipata B, nikajiona nimekutana na mwenzangu.

Akanionyesha hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda chenye chumba cha moto, inang'aa kama sufuria mpya. Imechongwa kwa mashine, eti, chumba kimepungua, itafika 12. Laki na themanini, na kufunga humohumo. Nikalipa. Akanituma gasketi, nikaenda. Akanituma chai na andazi, nikaenda tena, tena kwa hela yangu. Narudi, kazi imekwisha, pikipiki kaiegemeza ukutani. Akapima tena, oili ikachungulia tundu la plagi kwenye 11.3. Nikagawa: 12 kasoro kidogo sana. Nikampa mkono. Nikamwita mtaalamu, jamani.

Jumamosi, mlima uleule, pumzi ileile. Nikarudi kwa fundi wangu wa Muheza niliyekuwa namkwepa. Akailaza pikipiki mpaka tundu la plagi likawa juu kuliko kila kitu, akamimina huku anaitikisa, mapovu yakatoka. 15.5. Tisa. Kule ukutani ilikuwa imeinamia upande mwingine, hewa imebaki ndani, oili ikafika mdomoni chumba hakijajaa.

Bado hamjasikia. Fundi kakwangua rangi ya fedha, chini yake pezi la kupozea lililomeguka nilipoanguka Pongwe. Ni hedi YANGU! Kasugua msasa, kapuliza rangi, kaniuzia mali yangu huku nampangia foleni ya maandazi.

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Anasema nishukuru, 12 ya kweli kwenye injini hii ya kupozwa na upepo, kwa petroli ya kawaida, ingegonga, yaani petroli ingejilipukia yenyewe vibaya ndani, mpaka itoboe pistoni. Sishukuru. Nataka laki yangu na themanini yake.

Sasa dalili, maana kuna vijana wengine watapita pale. Sindano hakuniachia niishike. Risiti hakutoa, mashine eti mbovu. Hedi ya zamani nilipoiulizia akasema kaitupa. Na kila kazi ikifika patamu unatumwa dukani. Ila hata hizo ni nini, huyu wa kuwekwa ndani, asipewe dhamana! Anyweshwe hiyo 11.3 yake yote, na chai yangu aitapike. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Huyu kaja leo kaondoka na hela zangu, kibanda tangu Jumatatu kina kufuli.

Mkimwona popote, nipigieni saa yoyote. Nakuja na bomba la sindano langu.