Palm m100 kwenye meli ya Nansio

Kidude hiki aliniachia mjomba. Ni Palm m100, kompyuta ndogo ya kiganjani, toleo la mwaka 2000, kioo cha kijivu chenye nukta 160 kwa 160, na kumbukumbu ya MB 2. Si GB, ni MB. Picha moja tu ya simu yako inaweza isienee humo. Pale Kirumba, Mwanza, wananiuliza kama ni kikokotoo.

Mimi naitumia kusomea vitabu, hasa kwenye meli ya Ukerewe. Mwanza hadi Nansio ni kama saa tatu, na mimi hupenda kukaa juu, nje. Huko jua likipiga maji, simu inageuka kioo cha kujitazamia. Palm ndiyo kwanza inaamka! Kioo chake hakitegemei taa, kwa hiyo jua likizidi kuwaka, maandishi nayo yanazidi kukolea. Kwa hilo tu nimeisamehe mengi.

PDF sahau. Unachukua maandishi matupu, unayageuza kuwa faili la Doc la Palm (si lile la Word), na riwaya ya KB 600 inabanwa hadi karibu nusu. Kwangu zinaingia tano hivi, pamoja na CSpotRun, programu ya kusomea. Vingi navitoa Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya bure mtandaoni, basi Kiingereza kimetawala. Hadithi za Kiswahili nachapa mwenyewe, na zinatoka safi, maana lugha yetu haina herufi za vikofia.

Sasa betri. Inakula mbili nyembamba, zile za rimoti, na kwangu zinafika wiki tatu. Shida ni kwamba kumbukumbu yake inaishi kwa umeme: ukitoa betri una kama dakika moja, ikipita hiyo, kila kitu kimefutika. Nilikuwa najua. Onyo lilitokea siku mbili mfululizo, nikalipuuza. Siku ya kurudi, pale gatini Nansio, nikanunua betri za mezani, nikachomoa za zamani, nikapachika mpya. Kimya. Nikazigeuza, nikazisugua kwenye suruali. Kimya. Muuzaji akaenda kutafuta nyingine kwa jirani, bila haraka, huku anasalimia watu. Ilipowaka ikaniomba niguse alama kwenye kioo, kama vile ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi. Nilikuwa nimebakiza sura mbili nimjue muuaji. Saa tatu nzima nikasoma maandishi ya kwenye maboya.

Siku hizi betri mpya naijaribu kwanza kwenye rimoti ya nyumbani, na za akiba zinakaa mfuko wa shati.

Ukiikuta Palm kama hii kwa wachuuzi wa Makoroboi, Mwanza, kwa bei ya soda mbili tatu, chukua, ila ulizia kwanza waya wake wa kuunganishia na kompyuta. Ni ule wa tundu la pini 9, laptopu za sasa hazina. Mimi hutumia kompyuta chakavu ya stesheneri moja mjini, na jamaa ameanza kunitoza.