Namba za chama chetu cha kuzikana tumezihamishia Google Contacts: uzoefu wangu

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana hapa Ujiji, wanachama 186. Kwetu namba ya simu ni jambo zito. Mtu akifariki alfajiri, mara nyingi anazikwa alasiri ya siku hiyo hiyo, na ambaye hakupigiwa anakosa kumzika mwenzake. Namba zetu zilikuwa zimetawanyika: kaunta buku ya zamani, jedwali kwenye laptopu ya katibu aliyenitangulia, na nyingine kwenye simu yangu. Tukakubaliana zote ziingie Google Contacts, daftari la namba la Google la mtandaoni, akaunti moja ya chama.

Ni bure, na faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) unaliingiza lote kwa mkupuo. Ukomo ni anwani 25,000, yaani watu na namba zao, kwa hiyo chama kama chetu hakina wasiwasi. Kilichonifurahisha zaidi ni lebo za kugawa watu kwa makundi, sisi tumegawa kwa kata: Kitongoni, Rusimbi, Buzebazeba, na moja tumeiita Ng'ambo, kwa ajili ya wenzetu walioko Kalemie na Uvira, Kongo, na Bujumbura, Burundi.

Hao wa ng'ambo ndio walionikosesha usingizi. Katika jedwali, sifuri ya mwanzo ilikuwa imepotea kwenye kila namba inayoanza nayo, kwa sababu aliyeandika hakuweka safu ile kuwa ya maandishi. Nikaona si kazi: kila namba yenye tarakimu tisa niiongezee +255, namba ya Tanzania, mbele. Namba za Burundi zina tarakimu nane, hizo nikaziona mapema. Za Kongo zina tisa kama zetu. Nilipompigia mzee wetu wa Kalemie kujaribu, simu haikuita kabisa. Nilikuwa nimemgeuza mzee wa watu kuwa Mtanzania, yeye na wenzake kumi na mmoja.

Ikabidi nirudi kwenye kaunta buku, ukurasa kwa ukurasa. Marehemu mhazini wetu alikuwa anauza mawese, na kidole chake chenye mafuta kimeacha doa la rangi ya chungwa juu ya namba nyingi. 3 na 8 huzitofautishi mpaka uinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: "ng'ambo", "hana simu, mpigie mwanawe", "haoni vizuri, mtume mtu". Maneno hayo hayakuwemo kwenye jedwali hata kidogo. Nimeyaingiza yote kwenye sehemu ya maelezo ya kila mtu, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenye thamani kuliko zote tulizofanya.

Angalizo kwa mwenye chama: mfumo unapendekeza kuunganisha anwani zinazofanana. Usikubali zote kwa pamoja. Mke na mume wanaotumia simu moja wanageuka mtu mmoja. Mimi nilikubali, nikapoteza akina mama sita, bahati nzuri unaweza kuirudisha orodha ilivyokuwa ndani ya siku 30. Jambo jingine, akaunti ya kawaida ya Gmail haina njia ya kumkabidhi mwenzako orodha yako, kwa hiyo sisi tunaingia watatu kwa akaunti ile ile, na namba ya kuthibitisha inakuja kwenye simu ya ofisi, si ya katibu.

Kabla ya kuingiza chochote tuliomba ridhaa mkutanoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, namba ya mtu ni amana.

Msiba wa kwanza baada ya kuhama ulitokea Rusimbi, baada ya sala ya alfajiri. Tuligawana lebo watu watatu, na kabla ya saa tatu asubuhi kila mmoja alikuwa amepata habari. Mzee wa Kalemie hakuwahi maziko. Alisoma dua kwenye simu, spika ikiwa wazi, sisi tukiitikia amina kaburini.