MitID na Digital Post za Denmark: uzoefu wangu kama mhamiaji

Ndugu na jamaa wanaojiandaa kuja Denmark, wa masomo kwa wa ndoa, huniuliza habari za baridi na kodi ya nyumba. Ni nadra mtu kuniuliza habari za serikali ya mtandaoni, na hiyo ndiyo itakayomshika mkono au kumtia matatani tangu wiki za mwanzo. Mimi naishi Odense, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na huduma hizi nimezitumia kwa mambo yangu na ya watu wengine: kuhama nyumba, kodi ya mapato, hospitali, kumwandikisha mtoto. Sijaona kwingine serikali inayomrahisishia mtu mambo kiasi hiki, ilimradi mtu huyo anasoma Kidenmark na anafungua sanduku lake la barua la mtandaoni kila mara.

Kila kitu kinaanzia kwenye namba ya CPR, yaani namba ya utambulisho ya kila mkazi. Ni namba ya tarakimu 10, sita za mwanzo zikiwa ni tarehe yako ya kuzaliwa, na Denmark imekuwa nayo tangu 1968. Unaipata manispaa ukishaonyesha pasipoti, kibali cha ukaazi na anwani ya nyumba. Namba hiyohiyo inatumika kwa daktari, mwajiri, benki, shule na mamlaka ya kodi. Mtanzania aliyezoea kubeba bahasha ya vivuli vya vyeti kutoka dirisha moja hadi jingine atashangaa kwa muda, kisha atazoea haraka sana.

Ukishakuwa na namba, unatafuta MitID, yaani utambulisho wako wa mtandaoni. Zamani kulikuwa na NemID, iliyokuja mwaka 2010 na kadi yake ya karatasi iliyojaa namba za siri. Kuanzia 2021 watu walihamishiwa MitID, na sasa ndiyo inayotumika. Mdenmark mwenye pasipoti yake anaweza kujisajili akiwa sebuleni kwa kuisoma chipu kwa simu. Sisi wageni kwa kawaida inabidi tufike wenyewe kwenye Borgerservice, yaani ofisi ya huduma kwa wananchi, ambayo manispaa nyingi zimeiweka ndani ya maktaba. Nenda na pasipoti na kadi ya ukaazi, vyote viwili, ili usirudishwe.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Ukiwa kwenye kompyuta, tuseme unataka kuingia borger.dk, tovuti kuu ya serikali kwa wananchi, unaandika jina lako la mtumiaji, ukurasa unakuambia ufungue programu kwenye simu, unaweka namba ya siri yenye tarakimu sita, unapiga picha ya msimbo ulio kwenye skrini, kisha unatelezesha kidole kuidhinisha. Kabla ya kutelezesha, simu inakuandikia ni nani anayekuomba ujitambulishe na kwa jambo gani. Soma mstari huo kila mara. Matapeli wanaopiga simu wakijifanya watu wa benki hutegemea kwamba hutausoma, na kwa MitID yako mtu anaweza kukopa kwa jina lako. Asiye na simu janja hupewa kifaa kidogo kinachoonyesha namba, na wazee ninaowahudumia wengi wao wanacho, kimefungwa na uzi karibu na miwani.

Mazuri yake ni mengi, nitataja yale yaliyonigusa. Mtoto akizaliwa, mkunga ndiye anayepeleka taarifa, na mtoto anapata namba yake ya CPR bila mzazi kupanga foleni popote. Wazazi mna miezi sita ya kumpa jina, na hilo nalo linafanyika borger.dk. Ukihama nyumba unatoa taarifa mtandaoni ndani ya siku tano, na hapohapo unachagua daktari wa mtaa mpya. Sundhed.dk, tovuti ya afya, inakuonyesha majibu ya vipimo vyako na maelezo ya hospitali. Fedha zozote unazodai serikali zinaingia kwenye NemKonto, akaunti moja uliyoiteua, hata usipojaza fomu.

Kodi ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mwezi Machi unaingia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi na kukuta hesabu ya mwaka mzima imeshajazwa: mwajiri ameleta mshahara, benki imeleta riba, chama cha wafanyakazi kimeleta ada. Wewe unakagua tu. Ila usikague kwa macho ya haraka, kwa sababu kuna haki ambazo huenda hazijajazwa. Kubwa kwetu ni punguzo la safari ya kwenda kazini. Ukienda na kurudi zaidi ya kilometa 24 kwa siku, zile zinazozidi 24 zinakupunguzia kodi, uwe unaenda kwa treni, gari au baiskeli. Kutoka Odense hadi Svendborg ni karibu kilometa 45, sasa zidisha mara mbili, kisha mara siku zote za kazi za mwaka. Najua watu wengi wa kwetu wanaofanya usafi au kuuguza mji wa jirani ambao hawakuwahi kuambiwa jambo hili. Marekebisho ya hesabu ya mwaka uliopita yanapokelewa hadi tarehe 1 Mei.

Kwa hayo yote ningetoa nyota tano bila kusita. Nyota moja naiondoa kwa sababu ya Digital Post.

Digital Post ni sanduku la barua la mtandaoni ambalo serikali, manispaa, hospitali na mahakama hukuandikia. Tangu tarehe 1 Novemba 2014 ni lazima kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 15 na zaidi, isipokuwa aliyepewa msamaha. Unaweza kuzisoma barua hizo borger.dk, e-Boks, mit.dk au kwenye programu ya Digital Post yenyewe, ni sanduku lilelile lenye milango kadhaa. Hadi hapo hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye kanuni: barua ikishaingia ndani ya sanduku, kisheria imekufikia. Uwe umeifungua au hujaifungua, umeielewa au hujaielewa, siku zinahesabiwa. Na barua karibu zote zimeandikwa kwa Kidenmark cha ofisini, sentensi ndefu zilizobeba vifungu vya sheria. Kuna tovuti ya serikali kwa Kiingereza, lifeindenmark.dk, na ni nzuri, lakini inakueleza mambo ya jumla. Barua inayokuhusu wewe haitafsiriwi.

Jirani yangu mmoja ni mama wa Kikongo kutoka Bukavu, amelea watoto wake hapa na wote wameshaondoka nyumbani. Siku moja aliniita kwa sababu msaada fulani aliokuwa akiupata ulikuwa umekatika. Nilimwomba aingie kwenye sanduku lake. Barua zilikuwa zimepangana tangu juu hadi chini kwa herufi nzito, maana yake hazijafunguliwa.

“Mama, hizi barua zote hujazisoma?”

“Mtoto yangu, simu inalia, naona barua imefika. Lakini inasema nini, mimi sijue.”

Barua iliyosababisha yote ilikuwa fupi. Ofisi husika ilimtaka alete nakala ya mkataba wa nyumba ndani ya siku 14. Mkataba alikuwa nao kabatini, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Tulipiga simu, tukapiga picha kurasa, tukazipakia, na baada ya muda malipo yakarudi. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa, na hilo ndilo linaloniumiza. Hakuna aliyemdhulumu mama yule kwa makusudi. Barua ilitumwa, kanuni ilifuatwa, na mwezi mzima alikosa fedha ya chakula kwa karatasi iliyokuwa kabatini kwake.

Na si sisi wageni peke yetu. Wazee wa Kidenmark ninaowaosha na kuwavisha kila asubuhi wanasoma lugha yao vizuri, lakini kidole kinatetemeka, namba ya siri imesahaulika, simu imebadilika. Mwaka 2021 mamlaka ya serikali ya mambo ya kidijitali pamoja na umoja wa manispaa walikadiria kwamba watu wazima kati ya asilimia 17 na 22 wanapata shida na huduma hizi. Huo ni karibu mtu mmoja katika kila watano, katika nchi iliyoshika nafasi ya kwanza duniani kwenye ripoti za Umoja wa Mataifa za serikali mtandao za 2018, 2020, 2022 na 2024. Nafasi hiyo wameistahili kabisa. Ila ripoti inapima huduma zilizopo, haipimi mama wa Bukavu anazionaje.

Mwishoni mwa 2025 shirika la posta, PostNord, liliacha kabisa kupeleka barua za karatasi Denmark, baada ya miaka 400 ya posta ya dola iliyoanza 1624. Mwaka 2000 barua zilikuwa bilioni 1.4, mwaka 2024 zikabaki milioni 110, hivyo nawaelewa. Masanduku mekundu 1,500 yaling'olewa mitaani. Barua za karatasi sasa zinapelekwa na kampuni binafsi, kwa hiyo mwenye msamaha wa Digital Post bado anapata zake. Lakini mwelekeo unaonekana wazi: mlango wa pili unazidi kuwa mwembamba.

Na mwelekeo huu ni wa Ulaya nzima. Oktoba 2017 mawaziri wa Umoja wa Ulaya na majirani zao walitia saini azimio la Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakikubaliana kwamba serikali isimwulize mwananchi jambo ambalo tayari inalijua. Lengo la Umoja wa Ulaya ni kwamba kufikia 2030 huduma zote kuu za umma ziwe mtandaoni. Sheria ya mwaka 2024 inazitaka nchi wanachama zitoe pochi ya kidijitali ya utambulisho kufikia mwisho wa 2026, ili mwenye utambulisho wa Denmark aweze kujitambulisha Ujerumani au Ureno kwa simu yake. Kwetu tunaohama kufuata kazi ni habari njema mno. Ninachokitafuta kwenye mipango hiyo ni lugha na mtu wa kumsaidia asiyeweza. Sheria ya pochi inasema iwe ya hiari, na asiyeitumia asinyimwe huduma. Natamani moyo huohuo ungeingia kwenye Digital Post.

Kwa anayekuja, au aliye hapa na hajapanga mambo yake, haya ndiyo ninayowaambia watu wangu. Washa taarifa za SMS na barua pepe ili ujue barua imeingia. Usimpe mtu yeyote namba ya siri ya MitID, hata mtoto wako wa kumzaa. Ukitaka akusaidie, ingia kwenye sanduku umpe haki ya kusoma barua zako kwa utambulisho wake mwenyewe. Ni bure, na siku ukitaka unaiondoa. Mama jirani yangu amempa binti yake aliyeko Aarhus, na sasa binti anapiga simu barua inapoingia. Kama lugha inakushinda kabisa, au huna kompyuta wala simu inayofaa, nenda Borgerservice uombe msamaha. Ugumu wa lugha ni sababu inayokubalika, na wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba wanaweza.

Na wewe unayefunga mizigo kurudi Dar, Mombasa au Goma: kuhama Denmark hakukutoi kwenye Digital Post. Serikali itaendelea kukuandikia humo, mara nyingi habari za kodi ya mwaka wa mwisho, na siku zitaendelea kuhesabiwa ukiwa nyumbani. Ama jitoe rasmi baada ya kuhama, ama hakikisha MitID yako inafanya kazi kwenye simu utakayoendelea kuitumia huko, na uwe unaingia.