Pedali za besi: ipi ununue kwanza na ipi isubiri

Kuna kitu kimoja ambacho ningeambiwa mapema ningeokoa hela nyingi sana: pedali (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gita) inayokula sauti ya chini haifai kwa gita la besi, hata iwe na jina kubwa vipi. Uzi wa E wa besi unalia kwenye hezi 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde), E ya gita la kawaida iko 82, na pedali nyingi sokoni zimetengenezwa kwa ajili ya gita kwa hiyo huko chini zinakata tu. Pedali yangu ya kwanza ilikuwa distoshen ya gita, ile ya kuikwaruzisha sauti, chumbani ilinguruma vizuri mno, ila siku ya mazoezi ngoma na kibodi vilipoingia besi yote ikapotea, nikapandisha ampu wee, wapi. Toka hapo kila pedali naipima kwa hilo kwanza.

Namba moja kwangu ni tyuna, ile ya kupimia kama nyuzi zimekaa kwenye noti zake. Najua haina raha ya kununua lakini besi ikiwa haijakaa sawa inaharibu bendi nzima, manake wote wanaisikiliza ile. Ya sakafuni kama Boss TU-3 ni nzuri kwa sababu ukiikanyaga inakata sauti, unatyuni kimyakimya. Kama besi yako ni ya nyuzi tano hakikisha inaisoma B, ile iko hezi 31 na tyuna zingine zinababaika nayo.

Namba mbili, priampu yenye DI, yaani kikuza sauti chenye tundu la kupeleka sauti kwenye mikseri bila kupitia ampu, mfano SansAmp Bass Driver ya Tech 21. Unachomeka waya wa XLR moja kwa moja kwenye mikseri na sauti yako inafika vilevile ulivyoizoea, hata ukute ampu ya jukwaani ni mbovu au haipo kabisa. Kama hela yako inatosha pedali mbili tu, nunua hizi mbili na uishie hapo kwanza.

Tatu ni kompresa, na hii wengi wanainunua bila kujua inafanya nini. Inazishusha noti ulizopiga kwa nguvu ili zikaribiane na zile za taratibu, yaani ukiweka 4:1 basi sauti ikipita kikomo kwa desibeli 4 inatoka imepita kwa 1 tu. Ataki (kasi ya kuanza kubana) usiifanye ya haraka sana, acha ule mguso wa kidole upite kwanza ndo ikamate, la sivyo besi inakuwa kama imefunikwa blanketi. Napenda zenye taa za kuonyesha inabana kiasi gani, kama MXR M87, manake mwanzoni sikio halisikii vizuri.

Nne ovadraivu, ile ya kuichafua sauti kidogo, na hapa ndo penye utamu na penye hasara. Ukiikoroga sauti unaongeza hamoniki za juu (sauti za juu zaidi zinazoambatana na noti), ndo maana besi yenye uchafu kidogo inasikika hata kwenye spika ndogo ya simu ambayo hiyo hezi 41 haiwezi kuitoa kabisa. Tatizo ni kwamba ule mzizi wa chini unaweza kwenda na maji, kwa hiyo tafuta yenye nobu ya blendi inayochanganya sauti safi na chafu, kwenye Boss ODB-3 imeandikwa Balance, na Darkglass wa Finland nao wanaiweka kwenye B3K yao. Bila blendi mi sinunui. Na ukiwa unaset usiset peke yako, gain (kiasi cha uchafu) unayoipenda ukiwa peke yako mara nyingi imezidi ukiwa na bendi.

Tano oktava, inayoongeza noti ileile oktava moja chini. Boss OC-2 ilitoka 1982 na bado watu wanaisaka mitumba. Inataka noti moja moja, ukipiga mbili pamoja inachanganyikiwa, na usiipigie E tupu (bila kubonyeza freti) manake oktava yake inaangukia hezi 20 na spika nyingi hazifiki huko. Panda freti ya saba kwenda juu, hapo inanona kama sinthi.

Sita ni envelopu filta, ile ya "kwakwa" ya funki, mpiga besi Bootsy Collins alijulikana sana na filta ya Mu-Tron III. Inafuata nguvu ya kidole chako, kwa hiyo iweke kabla ya kompresa. Korasi (ya kuitanua sauti), dilei (ya kuirudiarudia) na rivabu (ya mwangwi wa ukumbi) zinafuata mbali, tamu kwenye nyimbo za polepole lakini zinatia ukungu chini.

Halafu umeme, tafadhali. Nyingi zinataka volti 9 na negativu iwe katikati, soma nyuma ya pedali kabla hujachomeka manake ukigeuza unaweza kuiunguza. Jumlisha milliampea za zote, adapta iwe na zaidi ya hapo. Ukisikia mvumo, mara nyingi ni kwa sababu zote zinakula waya mmoja, nunua pawasaplai yenye matundu yaliyotenganishwa.

Ukienda kununua mitumba beba besi yako mwenyewe na waya wako, zungusha kila nobu usikilize kama inakwaruza, tikisa jeki, kanyaga swichi mara kumi, na iwashe na kuizima ukiwa kwenye E ya chini: ukisikia tumbo la sauti limepungua, rudisha.